Sahihi 143 za Wodi ya Wazazi

Jumanne, 3 Juni

Kwa wakazi wote wa kata yetu. Ibandikwe zahanati, sokoni na kwa kinyozi.

Wodi ya wazazi ya zahanati yetu itafungwa tarehe 30 Juni. Aliyesema hivyo ni mkurugenzi wa halmashauri, leo saa nne na robo asubuhi, mbele ya madiwani kumi na tisa, nami nikiwemo. Vitanda vinne vitahamishiwa hospitali kuu, kilomita kumi na nane kutoka zahanati. Mkunga atakwenda navyo. Chumba kitakuwa stoo.

Sababu aliyoitoa ni moja: wakazi wenyewe wameridhia. Alionyesha karatasi nne zilizobanwa pamoja, zenye sahihi 143. Juu ya karatasi ya kwanza imeandikwa: "Wakazi wanaoridhia kuhamishwa kwa huduma ya uzazi." Kanuni zinasema huduma ya kata haiondolewi bila ridhaa ya maandishi ya wakazi wasiopungua mia moja. Ridhaa hiyo anayo mkononi.

Sikuarifiwa kabla. Karatasi zenyewe niliziona kwa dakika moja, na zilikotoka siwezi kusema.

Kura itapigwa Jumanne tarehe 24 Juni. Mpaka siku hiyo niko huku makao makuu kwenye vikao vya bajeti. Anayejua alitia sahihi wapi na lini, aniandikie. Aandike, asipige simu. Simu haiwekwi mezani.

Mwaka jana watoto 312 walizaliwa katika wodi hiyo. Sina nia ya kuiachia.

Diwani wenu


Ijumaa, 6 Juni

Mpwa wangu Diwani,

Salamu baadaye. Barua yako nimeisoma kwa sauti mara sita kibandani kwangu, maana kila anayekuja kuchukua saa yake anataka kusikia, na akishasikia anataka kubishana. Kazi hazisogei.

Ninayemuuliza anaapa. Muuza mkaa ameapa kwa watoto wake wote saba kwamba hajatia sahihi yoyote. Mke wa seremala amesema, "Mimi nitie sahihi nikazalie barabarani? Mkono wenyewe ungegoma!"

Kinyozi naye, mbele ya wateja watatu, mmoja kanyolewa nusu: "Diwani ameshakula. Sasa anajifuta mdomo kwa karatasi." Nikamwambia, "Wewe nyoa vichwa, heshima za watu ziache."

"Mzee wangu, wewe ni mjomba wake. Utasemaje?"

"Nitasema kama mtu aliyemfundisha kusoma saa. Huyo mtoto hajawahi kunidanganya hata dakika tano."

Watu wakacheka, yakaisha. Lakini neno likishatoka halina mlango wa kurudia.

Nami nina langu. Mkamwana wangu ana mimba ya miezi minane. Uzazi wake wa kwanza unaukumbuka: mkunga alihangaika naye kwa muda wa saa kumi na moja bila kukaa chini. Kama angekuwa kilomita kumi na nane kutoka pale, leo nisingekuwa na mjukuu wala mkamwana. Kwa hiyo usiniandikie siasa. Niletee nakala ya hayo majina.

Mjomba wako,
Fundi Saa


Jumatatu, 9 Juni

Mjomba, shikamoo.

Nakala ni hii. Nimempa dereva wa gari la chanjo kwa sababu huyo hafungui bahasha za watu. Kuipata kumenichukua siku mbili na maombi matatu ya maandishi.

Ukifika namba 17, uwe umekaa. Ni wewe. Muuza mkaa ni namba 52. Mke wa seremala, ambaye mkono wake ungegoma, ni namba 53. Hazijaghushiwa, nimezilinganisha na zile za daftari la kugawia vyandarua la mwaka jana, moja baada ya nyingine. Ni mikono yenu.

Kuna jambo ambalo nakala haiwezi kuonyesha. Kwenye karatasi zenyewe, namba 1 mpaka 60 ni wino wa bluu. Kuanzia 61 mpaka mwisho ni wino wa kijani.

Kinyozi mwache aseme. Usigombane na mtu kwa ajili yangu.

Mkamwana aendelee na kliniki kama kawaida, asikose siku.

Mpwa wako


Alhamisi, 12 Juni

Diwani,

Nilikaa, nikasoma namba 17. Nikaisoma tena kwa kile kioo changu cha kazi. Ni mimi. Herufi ya mwisho naivuta hivyo tangu ujana, hakuna mwingine anayeivuta.

Kisha nikafika kwenye habari yako ya wino wa kijani. Mtaa huu mzima kalamu ya kijani ni moja, nayo naandikia tiketi za saa zinazoingia, zisichanganyike na zinazotoka. Imewahi kutoka mkononi mwangu mara moja tu mwaka huu: Ijumaa ya tarehe 14 Machi, shuleni, chumba cha darasa la nne, mkutano wa taa za barabarani. Kalamu ya bluu ilikauka katikati, mtu akaita, "Nani ana kalamu?" nikainua mkono kama mwanafunzi.

Nikaita watu kumi waliomo kwenye orodha. Wamekaa kwenye karatasi kama walivyokaa kwenye madawati. Muuza mkaa na mke wa seremala wamefuatana kwa sababu walikuwa dawati moja, wakisukumana. Yale ni mahudhurio. Tulitia sahihi kwamba tumefika kusikiliza habari za taa.

Na aliyepitisha karatasi ni wewe. Ulisimama mbele ya darasa ukisema, "Andikeni kabla hatujaanza, tukishaanza mnasahau." Juu palikuwa peupe. Nilikuuliza, "Mbona haina kichwa?" Ukaniambia, "Kichwa kitajazwa ofisini, Mjomba. Ndivyo tunavyofanya siku zote."

Sasa nakuuliza. Tarehe 3 uliandika kwamba zilikotoka huwezi kusema. Hukuandika kwamba hujui. Mtu aliyepitisha karatasi kwa mkono wake akaikuta mbele ya mkurugenzi, ndani ya dakika moja hakuitambua? Uliitambua. Ukakaa siku sita, halafu ukanirushia habari ya wino ili mimi ndiye nikukamate. Mtu mzima hangoji kukamatwa. Anajisema.

Kinyozi nilimtolea maneno makali kwa ajili yako. Leo asubuhi nimepita mbele ya duka lake nikiangalia upande wa pili.

Sitabandika barua hii popote. Unayo siku moja ya kubandika yako.

Fundi Saa


Ijumaa, 13 Juni

Kwa wakazi wote. Ibandikwe pale pale, juu ya ile ya tarehe 3, isiifunike.

Karatasi yenye sahihi 143 niliipitisha mimi. Nasema hivyo mwenyewe, na shahidi mmoja ameniandikia hivyo hivyo jana.

Ni mahudhurio ya mkutano wa taa za barabarani wa tarehe 14 Machi. Niliipitisha bila kichwa. Nimefanya hivyo katika mikutano yote ya kata kwa miaka miwili, kwa sababu ofisi ilisema itajaza kichwa yenyewe ili maandishi yafanane, na mimi niliona inaniokolea muda. Mara hii kilichojazwa kilikuwa kingine. Nani alikijaza, sijui. Nitauliza kwa maandishi.

Tarehe 3 Juni nilizitambua karatasi hizo mara tu zilipoinuliwa. Niliandika kwamba siwezi kusema zilikotoka. Nilikuwa naweza. Niliogopa mngeacha kunisikiliza kabla sijapata nakala. Huo ndio ukweli wote, na hauna sehemu ya pili.

Anayetaka kunitukana ana haki, ila afanye hivyo baada ya tarehe 20, kwa sababu kabla ya hapo kuna kazi.

Kanuni ya 22 inamruhusu mkazi kuondoa ridhaa yake. Karatasi ya pamoja haikubaliki. Kila mtu aandike yake: jina, namba ya nyumba, tarehe, na maneno haya au mfano wake: "Tarehe 14 Machi nilihudhuria mkutano wa taa. Sikuulizwa kuhusu wodi ya wazazi. Siridhii ifungwe." Atie sahihi au dole gumba. Asiyejua kuandika aandikiwe na mtu anayemwamini, na mwandishi aweke jina lake chini. Kichwa cha karatasi akiandike mwenye karatasi, kabla ya kitu kingine chochote.

Ziwe zimefika mapokezi ya halmashauri kabla ya ofisi kufungwa Ijumaa tarehe 20.

Ridhaa zikibaki chini ya mia moja, mkurugenzi hana cha kuinua.

Diwani wenu


Jumatatu, 16 Juni

Mheshimiwa Diwani,

YAH: BARUA ZISIZOIDHINISHWA KWA WAKAZI

Tafadhali rejea kichwa cha habari hapo juu.

Ofisi hii imepata taarifa kwamba umekuwa ukibandika barua kwa wakazi bila idhini. Unakumbushwa kuwa taarifa zote za halmashauri kwa umma hutolewa na ofisi ya mkurugenzi. Unaagizwa kuziondoa barua za tarehe 3 na 13 Juni ndani ya saa ishirini na nne.

Pili, wakazi wanaotaka kuondoa ridhaa watumie fomu maalumu inayopatikana katika ofisi hii pekee, kila mmoja akifika mwenyewe.

Tatu, unajulishwa kuwa tarehe 19 na 20 Juni ofisi zote zitafungwa kwa ajili ya kupuliziwa dawa ya kuua wadudu. Mwisho wa kupokea nyaraka unabaki kama ulivyotangazwa.

Nne, suala lako litafikishwa kwenye kamati ya maadili.

Nakutakia utekelezaji mwema.

Karani wa Vikao
Kny: Mkurugenzi


Jumatatu, 16 Juni

Ndugu Karani,

Barua yako nimeipokea saa tano asubuhi. Nakala yake imeondoka na gari la chanjo saa saba. Kesho itakuwa imebandikwa kando ya zangu, ili wakazi wasome pande zote mbili. Zangu sitaziondoa.

Fomu maalumu unayoitaja haimo katika kanuni. Kanuni ya 22 inasema "karatasi yoyote yenye jina, tarehe na sahihi". Nimeisoma mara tatu, na "yoyote" imebaki pale pale.

Kuhusu wadudu: nawatakia safari njema. Pembeni mwa nakala hiyo nimewajulisha wakazi kwamba mwisho wao sasa ni Jumatano tarehe 18, saa tisa na nusu.

Nami nina swali, nalo naomba lijibiwe kwa maandishi. Muhtasari wa mkutano wa tarehe 14 Machi umo kwenye jalada lako, nimeusoma leo. Ukurasa wa kwanza unasema: "Waliohudhuria 143, tazama kiambatisho A." Nimefungua jalada lote mpaka gamba la mwisho. Kiambatisho B kipo, ramani ya nguzo za taa. Kiambatisho A hakipo. Palipokuwa pamebanwa pana matundu mawili ya pini.

Kiambatisho A kiko wapi?

Kamati ya maadili initajie siku na chumba.

Diwani


Jumatano, 18 Juni

Diwani,

Naandika nikiwa kwenye benchi la mapokezi ya halmashauri, ghorofa ya chini. Hujakosea kusoma.

Jana saa tatu asubuhi lori lilikuja zahanati, siku kumi na tatu kabla ya tarehe waliyotaja wenyewe. Dereva na wapagazi wawili. Mkunga akauliza, "Kura si wiki ijayo?" Dereva akasema yeye ni wa kubeba, si wa kura. Wakatoa kitanda cha kwanza, cha pili, cha tatu. Cha nne wakamkuta mkamwana wangu, alikuja kliniki, amekikalia na mkoba wake mapajani.

"Mama, inuka. Nina amri."

"Na mimi nina mimba. Tuone ipi nzito."

"Mama, usinitafutie kesi."

"Kesi uliikuta imelala humu, baba, wewe ndiye umeiamsha. Haya, nibebe basi na kitanda. Ila chunga mgongo wako, mimi si debe la unga."

Mke wa seremala akaingia, akakaa kushoto kwake. Muuza mkaa akakaa kulia, na masizi yake yote, mkunga akapiga kelele kwa ajili ya shuka lakini hakumwinua. Mpaka saa nne walikuwa kumi na wawili, wengine chini sakafuni. Dereva akapiga simu, akasikiliza, akasema "Sawa, bosi" mara nne, akaondoka na vitanda vitatu. Cha nne kipo. Mkunga amefunga mlango, ufunguo ameuvaa shingoni.

Baada ya hapo hakuna aliyehitaji kubembelezwa kuandika. Kinyozi alifunga duka, akageuza kiti chake kuwa meza, akawaandikia watu ishirini na sita. Mimi nilikaa upande wa pili wa meza hiyo hiyo. Hatukusemeshana mpaka saa kumi, aliponiambia, "Mzee wangu, niazime hiyo kalamu ya kijani." Nikamwambia, "Hii haitoki tena mkononi mwangu." Akacheka. Nikampa.

Barua ni 129. Kati ya wale 143, wanne wamehama, wawili ni marehemu, mlinzi wa zahanati anaogopa kazi yake na sikumlazimisha. Saba wamekataa. Hawataki wodi ifungwe. Wamesema hawaandiki tena kitu chochote kinachopitia kwako. Nimeona uwajue.

Nimezileta mwenyewe. Binti wa mapokezi akaniuliza, "Babu, fomu ziko wapi?" Nikampa kanuni ya 22, nikamwambia asome taratibu, sina haraka, saa zote za huku nimeona ziko nyuma. Akasoma. Akatazama mlango wa karani. Akatazama kile kifurushi. Akasema, "Babu, hizi zote nizigongee mhuri?"

"Zote, mjukuu wangu. Na nakala zake."

Alianza saa sita na nusu. Amemaliza saa nane na dakika hamsini. Moja tu aliigonga juu chini, nikamwomba arudie.

Kwako sikupanda, na sitapanda. Kilichonileta ni wodi. Barua hii namwachia yeye akupe.

Fundi Saa


Ijumaa, 20 Juni

Mjomba, shikamoo.

Niliambiwa uko chini saa nane. Dirisha la ngazi linaonyesha benchi. Nilikuona umeshika kifurushi kwa mikono miwili, unahesabu mihuri kwa midomo. Sikushuka. Nilijua ningeshuka ningeomba msamaha, nawe ungelazimika kunijibu huku umebakiza barua arobaini za kugongwa.

Wale saba niandikie majina yao, si ili niwafuate. Nataka kujua nimewapoteza kina nani.

Karani hajajibu kuhusu kiambatisho A. Badala yake jana, siku ya wadudu, nilimwona akiingia ofisini na kutoka bila barakoa. Harufu ya dawa haikuwapo.

Jumanne nitasimama. Madiwani wenzangu wananiambia nisimame kwa upole, bajeti ya kata yetu isije ikakatwa. Diwani wa kata jirani amenishika mkono akaniambia, "Dada, chukua ahadi ya gari la wagonjwa, uwaachie chumba." Nilimuuliza gari hilo lina namba gani. Akasema bado halijanunuliwa.

Sitapokea gari lisilo na magurudumu.

Mpwa wako, ukikubali


Jumanne, 24 Juni

Kwa wakazi wote. Ibandikwe zahanati, sokoni na kwa kinyozi.

Wodi ya wazazi haitafungwa tarehe 30 Juni. Mwenyekiti wa halmashauri ametangaza hivyo leo saa tisa alasiri, baada ya kura kumi dhidi ya tisa.

Mambo yalikwenda hivi. Mkurugenzi aliinua tena karatasi nne. Niliomba ziwekwe mezani kando ya muhtasari wa tarehe 14 Machi. Nilimwomba mwenyekiti mwenyewe alinganishe matundu ya pini ya karatasi na ya jalada. Alilinganisha. Yalikutana yote mawili. Kisha nilisoma barua zenu. Baada ya kumi na moja mwenyekiti alisema inatosha. Nilisema zimebaki 118. Nilisoma nyingine tisa kabla hajanizimia kipaza sauti, na mbili baada ya hapo.

Mkurugenzi alisema umetokea "mkanganyiko wa kiofisi". Karani aliulizwa nani aliandika kichwa kile, alisema hakumbuki. Hayo yamo kwenye kumbukumbu za kikao, nimehakikisha kabla ya kutoka.

Ridhaa zilizobaki ni 14, na kati ya hizo mbili ni za marehemu.

Msisherehekee bado. Kura hii imesimamisha, haijafuta. Madiwani tisa wanataka chumba kile kiwe stoo, nao wana haki ya kurudi na hoja mpya. Safari hii watalazimika kuwauliza mkiwa macho.

Vitanda vitatu vitarudishwa Ijumaa tarehe 27, kabla ya saa sita mchana. Mkunga atavipokea na kuvikagua magodoro na kamba. Visiporudi, niandikieni siku hiyo hiyo.

Kamati ya maadili imeniita Jumanne tarehe 1 Julai, saa tatu, chumba namba sita. Kosa langu ni kuwaandikia ninyi. Hii ni barua ya tatu, wataiongeza kwenye jalada.

Kwa wale saba: sitawaomba mniamini. Njooni msikilize, mwondoke bila kuandika chochote.

Wajumbe watano wa halmashauri watakuja kuwahoji wakazi ana kwa ana kuhusu wodi. Walitaka iwe makao makuu, nimekataa. Itakuwa Jumatano tarehe 9 Julai, saa nne asubuhi, ndani ya wodi ya wazazi. Akiwepo mama anayejifungua saa hiyo, wajumbe watasubiri nje.

Diwani wenu